Tandiko la Kobe katika Nyumba za Bukavu

Mtu aazimiaye kufuga kobe aghalabu hutanguliza swali la chakula, na akishaambiwa kwamba kobe hula majani, matunda, uyoga na wadudu wadogo, hudhani kuwa elimu ya ufugaji wake imekamilika. Kumbe kitu kimgusacho mnyama huyu usiku na mchana, kimpacho joto au kumpokonya, na ambacho ndani yake hujifukia, hulala, hutaga mayai na mara nyingi huanza kuugua, si chakula bali ni udongo ulio chini ya miguu yake. Chakula kibaya cha leo chaweza kubadilishwa kesho na madhara yake yakapita, lakini tandiko baya hufanya kazi yake polepole, mwezi hata mwezi, mpaka mwenye kobe aje kutambua wakati gamba limekwisha kuoza au mapafu yamekwisha kujaa. Kwa hiyo nakusudia kusema na wasomaji wa Bukavu, na wa miji mingine ya milimani ifananayo nao, juu ya namna ya kuchagua tandiko lifaalo. Na neno langu kubwa, ambalo mengine yote hulitegemea, ni hili: tandiko huchaguliwa kwa kufuata asili ya kobe, kisha husahihishwa kwa kufuata hali ya hewa ya mahali anapofugwa, wala halichaguliwi kwa kufuata macho ya mwenye nyumba.

Kabla sijaingia katika habari za udongo, iko haki moja ambayo sharti itangulie. Kobe wote wa nchi kavu wamo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uitwao CITES, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976 ilipokuwa ikiitwa Zaire. Na juu ya hayo iko sheria ya nchi nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa maumbile. Basi simshauri mtu yeyote amnunue kobe aliyeokotwa msituni na kuchuuzwa kando ya njia, maana kila anunuaye humwita mwindaji arudi msituni mara ya pili. Maneno yangu ni kwa yule ambaye kobe yu nyumbani mwake tayari, ama kwa kurithi, ama kwa kuachiwa na jamaa aliyehama, na ambaye ameona ni wajibu kuijulisha Taasisi ya Kongo ya Uhifadhi wa Maumbile, yaani ICCN, ili akae naye kwa njia ya halali. Kiumbe aliyekwisha kuondolewa katika makao yake hana mtetezi mwingine ila huyo amtunzaye, na utetezi wa kwanza ni kumtengenezea ardhi aliyoizoea.

Swali la kwanza basi si "nitandike nini?" bali ni "kobe wangu ni wa wapi?" Katika pande zetu hizi za Afrika wako kobe wa aina mbalimbali, na mtu asiyewatofautisha atawaumiza kwa nia njema. Yuko kobe wa msitu, ambaye wataalamu humwita Kinixys erosa, mwenye gamba la rangi ya kahawia iliyoiva, lenye kingo za menomeno zilizopinduka juu kwa nyuma. Huyu ni mkazi wa misitu mizito ya Bonde la Kongo, hupenda mahali pa unyevu karibu na vijito na vinamasi, hujificha chini ya majani yaliyoanguka na mizizi ya miti, na hula uyoga, matunda, konokono na jongoo. Yuko nduguye wa mbugani, Kinixys spekii, mwenye mgongo uliolala, aonekanaye katika nyika za Tanzania, Rwanda na Burundi, ambaye huvumilia majira ya ukavu kwa kujichimbia chini. Hawa wawili wana alama moja isiyopatikana kwa kobe wasio wa jamii yao ya Kinixys, nayo ni bawaba katika gamba la mgongo upande wa nyuma, ambayo huwawezesha kulishusha gamba hilo na kufunga mlango wa miguu na mkia wanapoogopa. Na yuko kobe mkubwa wa mbuga za Kenya na Tanzania, Stigmochelys pardalis, mwenye gamba la kuba na madoadoa meusi juu ya rangi ya manjano, ambaye hana bawaba hiyo na ambaye maisha yake ni ya nyasi, jua na ardhi kavu.

Ili msomaji aone jinsi ardhi ilivyo sehemu ya mwili wa kobe, na azingatie mifano miwili ya nchi jirani. Katika kisiwa cha Changuu, mkabala na mji wa Unguja, wanaishi kobe wakubwa wa Aldabra ambao mababu zao waliletwa mwaka 1919 kutoka Shelisheli wakiwa zawadi. Na kwa kuwa Aldabra ni kisiwa cha matumbawe na Changuu nacho ni kisiwa cha matumbawe, kobe wale walikuta mchanga wa aina wanayoijua, majani makavu yaliyoanguka yenyewe, na joto la pwani lisilopungua, wakakaa na kuzaana bila mtu kuwachanganyia udongo. Mfano wa pili ni kobe bapa wa Kenya na Tanzania, ambaye gamba lake ni jembamba na laini hata huweza kujipenyeza katika nyufa za majabali. Huyo ukimpa rundo la udongo mzuri kuliko wote duniani umempa kitu asichokihitaji, kwa sababu nyumba yake ni jiwe. Mmoja mchanga, mmoja jiwe, na wetu wa msituni ni majani yaliyooza chini ya kivuli: wote wanaitwa kobe, ilhali tandiko la mmoja ni ugonjwa kwa mwingine.

Baada ya kumjua kobe, na tuujue mji wetu. Bukavu imekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na vilima vyake hupanda kupita hapo. Kwa hiyo, ingawa tu karibu na ikweta, joto letu la wastani ni kiasi cha nyuzi 20 tu za sentigredi, na usiku hushuka zaidi. Mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na ukavu wa kweli ni wa Juni, Julai na Agosti. Amma udongo wetu, aghalabu ni ule mwekundu wa mfinyanzi, mzito, uliotokana na mawe ya volkano za kale, ambao kila mkazi wa Kadutu, Bagira na Ibanda anaujua kwa mmomonyoko wake wakati wa masika. Udongo huu una madhara mawili kwa kobe: ukilowa huwa tope baridi lisilopitisha hewa, na ukikauka huwa mgumu hata makucha ya mnyama hayawezi kuutoboa. Kobe wa msituni aliyezoea joto la mabondeni, na kobe wa mbugani aliyezoea jua, wote wawili huiona Bukavu kuwa ni nchi ya baridi. Ndiyo sababu ushauri wa rafiki aliyeko Uvira au Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika ambalo liko chini mno kuliko letu, waweza kuwa wa kweli huko na usifae hapa.

Ubaya wa baridi hauko katika usumbufu tu. Kobe hana moto wa ndani kama tulio nao sisi. Joto lake ni joto la mahali alipo, na akipoa, tumbo lake haliyeyushi chakula na kinga ya mwili wake hulegea. Fauka ya hayo, hana kile kiwambo cha msuli chini ya mapafu kinachomsaidia binadamu kukohoa, kwa hivyo makamasi yakiingia kifuani hayatoki kwa urahisi, na kikohozi ambacho kwa mtoto wa mtu kingepita kwa siku chache kwake huwa ni homa ya mapafu. Tandiko lenye maji na baridi kwa pamoja ndilo adui wa kwanza wa kobe wa Bukavu. Unyevu wenye joto humfaa, ukavu wenye joto huvumilika kwa kiasi, lakini unyevu wenye baridi humwua.

Hata hivyo mtu asikimbilie upande wa pili akadhani kwamba usalama uko katika ukavu mtupu. Zamani wafugaji wengi wa Ulaya waliamini kwamba vinundu vinavyoota juu ya gamba la kobe afugwaye, hata likawa na vilima vilima badala ya kuwa laini, vilitokana na chakula chenye protini nyingi. Lakini mwaka 2003 wataalamu wa Vienna, nchini Austria, waliwalea kobe wachanga wa jangwani wa Afrika katika viwango mbalimbali vya unyevu na vya protini, wakaona kwamba ukavu wa hewa ndio uliokuwa na athari kubwa zaidi. Ikiwa kobe wa jangwani mwenyewe huharibika gamba kwa kukosa unyevu, kwa kuwa porini utoto wake hupita ndani ya mashimo yenye hewa ya unyevu, basi mtu asiseme nini juu ya kobe wa msitu wa Kongo? Hivyo tandiko jema ni lile lenye unyevu chini na ukavu juu.

Kwa maelezo hayo yamkini msomaji ameona kazi tunazozitaka kwa tandiko. La kwanza, lishike umbo, ili kobe akichimba shimo lisimporomokee. La pili, lishike unyevu bila kutuamisha maji. La tatu, lisimdhuru akilimeza pamoja na chakula, maana hakuna kobe asiyemeza udongo. La nne, lisitoe vumbi wala mvuke mkali wa kuunguza macho na koo. La tano, lipatikane kwa bei ambayo mwenye nyumba aweza kuilipa mara kwa mara, kwa sababu tandiko lisilobadilishwa, hata likiwa bora kiasi gani, huishia kuwa jaa. Tuvipime basi kwa mizani hiyo vitu vipatikanavyo mjini petu.

Simenti tupu na vigae ndiyo sakafu wanayopewa kobe wengi, kwa kuwa ni rahisi kupigwa deki. Sakafu hiyo hunyonya joto la tumbo, husugua gamba la chini mpaka likalika, na humnyima mnyama haki ya kujifukia, ambayo kwake ni sawa na usingizi. Magazeti ya zamani hayana ubaya huo wote, lakini huteleza, na miguu ya kobe akuaye juu ya sakafu itelezayo hupinda. Yatumiwe, nasema mimi, kwa kobe mgonjwa au mgeni tu, ambaye mavi yake yanataka kuangaliwa kila siku na kidonda chake kinataka usafi.

Maranda na unga wa mbao ndivyo vinavyowavutia watu zaidi, kwa sababu maseremala wa Kadutu huvitupa, na kwa sababu watu wameviona katika mabanda ya kuku. Lakini kuku si kobe. Mbao nyingi zipasuliwazo mjini kwetu ni za mikaratusi na misonobari, nayo miti hii ina mafuta yenye harufu kali yawezayo kuwasha macho na njia ya pumzi. Unga wake hupeperuka ukiwa mkavu, huvimba ukiwa umelowa, na katika kizimba chenye unyevu huchacha na kuota kuvu upesi. Tena hakuna ajuaye ubao upi ulipakwa dawa ya mchwa kabla ya kupigwa randa. Pumba za mpunga ziletwazo kutoka bonde la Ruzizi hazina mafuta hayo, lakini ni nyepesi mno, hazishiki shimo, na ncha zake huingia machoni. Nyasi kavu hufaa kwa kobe wa mbugani mahali pakavu palipoezekwa, lakini kwa kobe wa msituni, katika majira yetu ya mvua, huwa ni shamba la kuvu kabla ya juma kwisha. Maganda ya kahawa yaonekanayo kwa wingi pande za Kabare, Kalehe na Idjwi siyapendekezi hata kidogo, kwa maana bado yana kafeini, dawa ambayo hakuna sababu ya kumlaza mnyama juu yake.

Mchanga mtupu, uwe wa ziwani au wa mtoni, hudanganya macho kwa usafi wake. Ukikauka hautengenezi shimo, na kobe akila chakula kilichoangukia juu yake humeza chembe ambazo hukusanyika tumboni mpaka njia ikaziba. Lakini mchanga huo huo ukichanganywa na udongo mweusi huondoa uzito wa mfinyanzi na kupitisha maji, hivyo ni mtumishi mwema ingawa ni bwana mbaya. Kokoto nyeusi za volkano zitokazo Goma zina kingo kali ziwezazo kulichana gamba la chini na ngozi ya miguu, kwa hiyo zisiwekwe juu kamwe. Mahali pake ni chini kabisa. Ama usumba wa makumbi ya nazi, ambao watu wa pwani wanao bila bei na ambao wafugaji wa Ulaya huununua ukiwa umeshindiliwa mfano wa matofali, ni kitu kizuri cha kushika unyevu; lakini Bukavu si nchi ya minazi, wala hatuna haja ya kuagiza mbali kazi ambayo mboji ya miti yetu na majani ya migomba yetu yaweza kuifanya vizuri sawasawa nao.

Hukumu yangu basi ni kwamba tandiko bora kwa kobe wa Bukavu ni mchanganyiko wa udongo mweusi wa juu, mchanga ulioshwa, na mboji ya majani yaliyooza, uliofunikwa kwa majani makavu. Kwa kobe wa msituni, changanya ndoo tatu za udongo, ndoo moja ya mchanga na ndoo mbili za mboji; kwa kobe wa mbugani, udongo ubaki ndoo tatu, mchanga uwe mbili na mboji iwe moja. Hayo si maandiko yasiyobadilika, kwa maana udongo wa kilima kimoja si udongo wa kilima kingine, na kipimo cha kweli kiko katika viganja vyako. Teka mkono mmoja wa mchanganyiko, ukamue kwa nguvu, kisha ufumbue: ukiona tone la maji kati ya vidole, umelowa kupita kiasi, ukiona umesambaratika wenyewe, ni mkavu au una mchanga mwingi, ukiona donge limesimama likiwa na alama za vidole vyako, nawe ukiligusa kwa kidole gumba likapasuka na kumwagika, hapo umefika. Na atakaye kujua kiasi cha mfinyanzi ulio katika udongo wake, na atie udongo huo hadi nusu ya chupa nyeupe, ajaze maji, atikise sana, aiache chupa itulie: mchanga utashuka chini upesi, udongo laini utafuata baada ya saa kadhaa, na mfinyanzi utabaki ukiyachafua maji hata kesho yake au zaidi, tabaka hizo zitamwambia aongeze nini.

Mahali pa kuuchukulia udongo panataka hadhari. Usichimbe katika mashamba ya kabichi na nyanya yapigwayo dawa za wadudu, wala kando ya barabara, wala karibu na mahali watengenezapo pikipiki na kumwaga mafuta, wala jirani na choo. Usiingie Hifadhi ya Kahuzi-Biega kwa kisingizio cha kutafuta mboji. Ardhi ile imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970, na majani yake ni mali ya msitu wenyewe. Udongo wa chini ya migomba ya zamani isiyotiwa dawa, au wa chini ya mti mkubwa uani, watosha. Ukiisha kuupata, uchekeche kwa subira, maana udongo wa mji wetu una vipande vya plastiki, vigae vya chupa na misumari, na kobe huvutwa na kitu chenye rangi ang'avu akakimeza akidhani ni tunda. Kisha uanike juu ya bati wakati wa jua kali, ukiugeuzageuza, ili utitiri na mayai ya wadudu wabaya yafe. Ukipoa, wingize nyungunyungu wachache. Watakula mavi na majani yaliyooza, watautoboa udongo upitishe hewa, na kobe wa bawaba akiwakuta atawala pia, jambo ambalo ni desturi yake porini.

Majani ya kufunikia nayo yana hukumu zake. Majani makavu ya mgomba ndiyo ninayoyasifu kuliko yote: ni mapana, hayana miiba, hayana sumu, na kobe hupenda kujisukuma chini yake. Lakini majani ya mparachichi, ambao watu wengi mjini huuita mti wa avoka na ambao umejaa katika nyua zetu, yasiingie kizimbani kabisa, kwa kuwa sumu yake imethibitika kwa mbuzi, sungura na ndege, wala hakuna busara ya kuijaribu kwa kobe. Kadhalika jihadhari na matawi ya mnyaa na miti mingine ya ugo itoayo utomvu mweupe, ambao huunguza macho.

Sasa na tuseme juu ya kulitandaza. Ikiwa kizimba kina sakafu ya mbao au simenti, weka kwanza kokoto kwa unene wa vidole vitatu, funika kwa kipande cha gunia ili udongo usizibe nafasi za maji, kisha mimina mchanganyiko kwa kina kisichopungua urefu wa gamba la kobe wako, na kwa vyovyote kisiwe chini ya sentimita 15. Kwa jike aliyekomaa, ambaye yamkini atataga, kona moja iwe na sentimita 25. Udongo usiwe sawa pote: upande mmoja uinuke na uwe mkavu, upande wa pili ushuke na uwe na unyevu, ili mnyama achague mwenyewe, kwa sababu hakuna mfugaji ajuaye haja ya kobe kuliko kobe. Ukitaka kuongeza unyevu, usimwage maji juu kama unyweshavyo bustani; mimina taratibu maji ya uvuguvugu katika pembe moja yashuke chini, ili tabaka la juu lenye kugusa tumbo libaki kavu.

Kwa kobe akaaye uani, chagua mahali pa jua la asubuhi, inua ardhi yake juu ya usawa wa ua kwa kuizungushia mbao, chimba mfereji wa kukinga maji yatokayo kilimani, na ezeka nusu ya eneo. Kuta zizamishwe chini kiasi cha sentimita 30, maana kobe huchimba kutoka na panya huchimba kuingia. Wakati wa mvua tazama njia za siafu, ambao wanaweza kumvamia kobe aliyelala. Majivu yakinyunyizwa nje ya ua huwazuia, lakini yasinyunyizwe ndani, kwa kuwa yakilowa huunguza ngozi. Usiku wa baridi mwingize nyumbani katika sanduku lenye udongo mkavu kiasi na majani mengi ya mgomba. Wako wategemeao taa ya umeme kumpasha moto, na taa ni jambo jema, lakini umeme wetu hukatika, na pale ukatikapo, tandiko nene hulitunza joto la mchana kwa saa nyingi kuliko sanduku tupu.

Kobe wachanga wana sheria yao: udongo wao uwe laini zaidi, mchanga usiwemo, na unyevu uongezwe, kwa kuwa gamba lao lingali likijijenga na matumbo yao ni membamba. Jike achimbaye na kufukia mara kwa mara akitafuta mahali pa kutaga asisumbuliwe. Na mayai yakipatikana yasigeuzwe upande wa juu kuwa chini.

Utunzaji wa kila siku ni mfupi mtu akishauzoea. Kila asubuhi inua majani ya juu, ondoa mavi na ule mkojo mzito mweupe, na unuse udongo: harufu ya ardhi iliyonyeshewa ni salama, harufu ya siki au ya choo ni onyo. Kila juma ugeuze udongo kwa mkono. Kila baada ya miezi miwili au mitatu ondoa theluthi moja na kutia mpya. Na utitiri ukionekana, badilisha wote. Udongo uliotolewa upelekwe kwenye maua, si kwenye mboga, kwa sababu kobe mzima wa afya aweza kubeba vijidudu vya salmonela. Na kwa sababu hiyo hiyo kila aliyemshika kobe au tandiko lake anawe mikono kwa sabuni, watoto wadogo wasiachwe wacheze humo, wala vyombo vya kizimba visioshwe pamoja na vyombo vya jikoni.

Kobe mwenyewe atakujulisha kama umechagua vema. Akiwa kila mara amepanda juu ya sahani yake, udongo umelowa mno. Akijifukia mahali palipo na kina kirefu asitoke hata kula, pana baridi au pana ukavu. Macho yakivimba, tafuta vumbi. Gamba la chini likiwa jekundu, laini au lenye harufu, mwondoe leo hii, mweke juu ya magazeti makavu mahali pa joto, na umwite daktari wa wanyama. Na mapovu yakitokea puani, usingoje kesho. Waswahili husema kwamba ukimwona kobe kainama, anatunga sheria. Lakini mfugaji mwenye huruma amwonapo kobe wake kainama siku nzima, na aupapase kwanza udongo alioukalia.

Mwisho, ndugu msomaji, fikiri kwamba kobe huishi makumi ya miaka, na kwamba yule uliye naye leo yamkini ataangukia mikononi mwa wanao. Ukiwa huna nafasi ya kumwekea udongo wa kina, majani ya kujifichia na mahali pakavu pa kulala, usione aibu kuwaendea watu wa ICCN ukawaeleza, wala usiende kumtupa katika kichaka kilicho karibu, ambacho si makao yake. Na ukiwa na nafasi hiyo, litengeneze tandiko kabla ya jambo lingine lolote, kabla ya taa, kabla ya sahani, kabla ya kumpa jina. Maana hayo yote kobe aweza kuishi bila ya kuwa nayo, lakini bila ya ardhi njema hawezi.